Mama Tuliyemsemesha kwa Sauti ya Chini

Ijumaa, Novemba 2013. Kijijini kwa mama, kusini ya ghuba ya Tungue.

Joto la leo halina adabu. Mvua ilitishia tangu asubuhi, ikajikusanya kule juu ya bahari, halafu ikaondoka zake kama mgeni aliyeghairi kubisha hodi. Nimekaa kibarazani kwa mama, naandika kwenye simu. Mtandao huku unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe, kwa hiyo haya yatapanda kwenye blogu nikirudi Palma mjini. Kama nitayapandisha. Nina hasira, na nilishajiahidi kwamba humu sitaandika nikiwa na hasira.

Basi ahadi imevunjwa. Si ya kwanza kuvunjwa katika familia yetu wiki hii.

Nianze mwanzo, maana nikianza na leo nitatukana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Palma. Mama yangu naye ni mwalimu, ila wa chuoni. Tangu sijazaliwa anawasomesha Kurani watoto wa kijiji hiki, kwenye kibaraza hiki hiki nilichokalia. Kila mtu anamwita Bibi Mwalimu, hata wanaomzidi umri. Baba alifariki zamani. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu Saidi, ambaye nyumba yake ni ile pale, ya pili kutoka hapa. Nikiinua macho naiona. Sitaki kuinua macho.

Anayejua chuo cha kwetu anajua kelele zake. Watoto wote wanasoma kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, kila mmoja kwa sauti yake yote. Mgeni akipita anadhani ni fujo. Mama alikuwa anakaa kwenye pembe ya kibaraza anasuka ukili wake, mgongo amewapa, na mtoto mmoja akikosea neno moja katikati ya ghasia ile, mama anataja jina lake. "Amina, rudi." Hageuki, na mikono haisimami. Mimi nina darasa langu miaka sasa na sijawahi kupata masikio kama yale, hata kwa wanafunzi wa mstari wa mbele.

Halafu zile "rudi" zikapungua.

Hatukuona zilipoanza kupungua. Tuliona tu kwamba mama aliacha kuwapa watoto mgongo. Akawataka wakae wamemwelekea, nyuso juu. Tukasema mwalimu amekuwa mkali. Baadaye mtoto anasoma makosa matupu, yeye anaitikia kwa kichwa, vizuri mwanangu, endelea. Wazazi wakaanza kuwatoa watoto, mmoja mmoja, kwa adabu kubwa. Huyu anahitajika shambani. Yule shule ya serikali inamchosha. Wote walikuwa wanakwenda kwa mwalimu mpya upande wa msikitini, kijiji kizima kikijua, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mwenye kibaraza. Wamebaki wanne, na wanne hao ni wa majirani wanaoona haya.

Maneno yakawa kwamba Bibi Mwalimu akili zinaruka.

Na kweli ilionekana hivyo. Unamuuliza umelalaje, anakujibu samaki leo wamepatikana. Harusini anakaa pembeni, anatabasamu, hachangii. Zamani hakuna kijembe cha mwanamke kilichompita bila kukijibu, ulimi wangu huu nimerithi kwake. Mwaka juzi akaacha kwenda harusini kabisa. Akawa anakaa tu na ukili wake. Mimi nikija kumtazama nilikuwa narudi Palma kwenye chapa, zile daladala za huku, nimegeuzia uso dirishani ili abiria wenzangu wasione machozi. Nilikuwa namlilia mama aliye hai.

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayesoma, maana hapa ndipo penye upuuzi wetu sisi.

Kwetu mtu hapazi sauti mbele ya mama. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa, kabla ya alifu. Ukimsemesha mzazi unashusha sauti, unashusha macho, na kama wewe ni mwanamke mwenye malezi unashika pindo la capulana yako, kanga ya kwetu, karibu na mdomo. Na mama yangu ndiye aliyekifundisha kijiji kizima hivyo. Kwa mwalimu ndiyo unazidisha. Kwa hiyo kadiri alivyozidi kuzeeka na kuheshimiwa, ndivyo watu walivyozidi kumnong'oneza, macho chini, mdomo umefunikwa na nguo. Hasikii sauti, haoni midomo. Na hakuna aliyethubutu kurudia kwa nguvu, maana kumpazia sauti Bibi Mwalimu ni utovu wa adabu utakaosimuliwa mpaka Mocímboa.

Mama hakuwa amepotewa na akili. Mama alikuwa hasikii.

Ingekuwa imeishia hapo, ningeandika leo kisa cha kuchekesha. Haikuishia hapo.

Ikaja gesi. Wanaonisoma kutoka Palma hawahitaji kuelezwa: helikopta, wageni waliojaza kila chumba cha kulala, samaki aliyekuwa kitoweo cha kila siku kugeuka kitoweo cha wenye magari. Gesi yenyewe iko chini ya bahari, lakini kampuni inataka mahali pa kuisindika nchi kavu, na mahali penyewe ni hapa petu. Tumeambiwa tutahamishwa na tutajengewa nyumba kwingine. Watu wao wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza mwenye nyumba ni nani, na nani atahama na nani. Kesho asubuhi ni reunião kubwa, mkutano wa kijiji kizima, ambapo kila mwenye nyumba atasimama aseme mwenyewe. Atakachosema ndicho kitakachojengwa.

Pwani hii nyumba ni ya mwanamke. Hii ni ya mama, aliachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na wake. Mama anataka jambo moja tu katika habari yote ya gesi. Anataka nyumba mpya iwe jina lake, na iwe na kibaraza kipana cha watoto.

Saidi alipata kazi kwa hao hao, anaendesha gari lao. Sina neno na kazi yake, ana watoto wa kulisha. Miezi michache iliyopita akanipigia simu akasema, kwa huzuni niliyoiamini, kwamba mama sasa hana akili kabisa, na siku ya mkutano itabidi yeye asimame badala yake. Nikamwambia kwanza nimpeleke apimwe. Akasema, "Utamtesa mzee bure, Zaina. Mwache apumzike." Nikasema huyu kaka yangu ana huruma.

Nikashika ukaidi wangu nikampeleka. Wiki iliyopita tulivuka Ruvuma, tukaingia Mtwara, kwa daktari wa masikio ambaye hospitali ilituelekeza tuanze naye.

Kuna chumba kidogo pale, kinafungwa mlango, ndani kiti kimoja. Daktari alikuwa anatafuta namna ya kumweleza mama la kufanya, huku mimi nanong'ona kama kawaida yangu. Mama hakutungoja. Aliingia, akakaa, akalegeza ushungi, akachukua vile vya kuvaa masikioni vilivyokuwa vimetundikwa ukutani, chekundu sikio la kulia, akajivika mwenyewe. Akashika kile kitufe. Akanitazama akasema, "Ukisikia mlio unabonyeza."

Mimi nilikuwa sijawahi kuona chumba kile maishani mwangu.

Alikuwa ameshafika pale. Na hakuwa amefika na mimi.

Baada ya kupimwa nilimuuliza. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida, hakusikia, nikapaza, watu wa nje wakageuka kutazama ni binti gani huyu. Mama akainamisha kichwa. Akasema alikuja na Saidi, mwaka ule zilipoanza kusikika habari za gesi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba sauti za watoto zinamkimbia. Akamwapisha Saidi asimwambie mtu yeyote, hata mimi. "Nani angeleta mtoto wake kwa mwalimu kiziwi?" akasema. "Afadhali waseme nimezeeka."

Ni kweli, nani angeleta?

Nikamuuliza, sasa siku ile daktari hakukwambia urudi upate kifaa? Akasema, "Saidi aliniambia daktari amesema ni uzee tu, hakuna la kufanya."

Daktari wetu alikuwa anaandika. Akaacha. Akasema yeye hakuwepo miaka ile, lakini mtu mwenye masikio ya namna hii haruhusiwi kuondoka bila yeye na aliyemleta kuelezwa habari ya kifaa. Halafu akanieleza mimi, taratibu, jambo ambalo sijalala vizuri tangu nilisikie. Kwamba sikio likiachwa hivi miaka mingi, hatari haibaki sikioni. Mtu asiyesikia vizuri kutwa nzima anakisia, na ubongo unaokisia kutwa nzima unachoka, haubaki na nguvu ya kuweka kumbukumbu. Tena anaacha kukaa na watu, na anayeacha kukaa na watu akili yake inakosa kazi. Si kila asiyesikia atapoteza kumbukumbu, akasema, na wanaochunguza mambo haya bado wanaendelea kuchunguza, ila imeshaonekana wazi kwamba wenye masikio mabovu wanaangukia huko zaidi kuliko wenzao. Kifaa si dawa ya kurudisha kilichokwisha ondoka. Ila kinaweza kusaidia kulinda kilichobaki.

Nikamuuliza mama yangu yuko wapi katika hayo. Akasema kwa ukweli kabisa kwamba hajui. Sehemu ni masikio, na pengine sehemu nyingine sasa ni akili yenyewe. Tumvalishe kwanza, tumsemeshe sana, halafu tutaona kipi kinarudi.

Kwa hiyo tulimsingizia mama ugonjwa ambao hakuwa nao. Na kwa kumsingizia tukamwacha peke yake kibarazani, na huenda ule upweke ndio umemletea ugonjwa wenyewe. Niliandika sentensi hiyo mara nyingi nikaifuta. Leo naiacha.

Nilimpigia Saidi kutoka Mtwara, nimesimama kwenye kivuli cha duka la mtu. Hakukana hata kidogo. "Aliniapisha, Zaina. Ulitaka nivunje kiapo cha mama?" Nikamwambia sisemi kiapo, nasema aliyoyaeleza daktari. Akasema, "Daktari alisema mengi. Mimi ningekumbuka yote?"

Halafu akauliza, "Kwani safari hii wamesemaje?"

Nikamjibu, "Wamesema ni uzee." Nikakata simu.

Nilisema vile kwa uchungu, ili aonje maneno yake mwenyewe. Sikuwa na mpango wowote. Naapa sikuwa na mpango.

Kifaa mama alikipata pale pale Mtwara. Kidogo, rangi ya ngozi, kinakaa nyuma ya sikio. Ukifunga ushungi hakionekani, na mama akataka kisionekane. Akasema, "Watu watajua kwa wakati wangu." Basi tukawa tunajua wawili. Saidi mwenyewe wiki yote alikuwa Mocímboa na gari la kazi.

Hizi siku chache zilikuwa za furaha, niziandike zisipotee. Siku ya kwanza alilalamika kutwa. Ndala zake zinapiga kelele, kuku wana kelele, mimi nakuna nazi kama nafukuza mwizi. Akaniuliza tangu lini nina sauti mbaya hivi. Nikamwambia tangu ninyonyeshwe. Akacheka, na kicheko chenyewe akakisikia, akashika mdomo.

Siku ya tatu walikuja wale watoto wanne. Wakakaa wamemwelekea, kama walivyozoeshwa. Akawaambia wageuke, watazame upande wanaotaka. Akachukua ukili. Wakaanza, na mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele, na nikasikia, kutoka katika ghasia ile ndogo ya watoto wanne, "Rudi, mwanangu. Hapo uvute." Niliuacha mchele nikatoka nikasimama nyuma ya nyumba mpaka nilipoweza kurudi na uso wa kawaida.

Na siku hiyo hiyo, mchana, akaniuliza, "Baba yako ameshakunywa chai?" Nikadhani ni utani. Baada ya swala akaniuliza tena. Alikuwa amesikia kila neno la majibu yangu ya kwanza. Nilimwona anayasikia. Hayakukaa.

Hilo halikuwa sikio. Nilielewa pale pale, nikaendelea kukunja nguo.

Ndiyo maana sitaki kudanganya hapa kwamba mama yangu amepona. Kuna mama aliyerudi wiki hii, na kuna pembe fulani za mama ambazo tulichelewa kuzifikia. Miaka hiyo tuliyochelewa kaka yangu alikuwa ameibeba mfukoni. Alikuwa anapita hapa kibarazani kila asubuhi akienda kazini, anamwamkia, anashusha sauti kwa heshima kama mtoto mwema.

Tufike leo.

Baada ya swala ya Ijumaa Saidi alikuja, amevaa kanzu, na nyuma yake bwana mmoja anaitwa Momade, mtu wa Mocímboa, ndiye anayezungukia nyumba za upande huu kwa ajili ya kampuni. Mtu mpole tu, alivua viatu mbali kabisa na mkeka. Mama alikuwa kwenye pembe yake anasuka. Mimi nilikuwa mlangoni na kahawa. Saidi akanisalimu bila kunitazama. Wakakaa.

Momade akauliza mwenye nyumba nani, kama kazi yake inavyomtaka.

Saidi akajibu kwa sauti yake ya kawaida ya kuzungumza na wanaume. Hakunong'ona. Alinong'ona miaka yote ya heshima, na leo ambapo angepaswa kunong'ona hakuona haja. Akasema, "Niandike mimi. Nyumba mpya iwe jina langu. Kibaraza hakihitajiki, chuo kimekwisha. Mama atakwenda kukaa na dada yangu huyu Palma."

Hajawahi kuniuliza. Wala mama.

Momade akasita. Akamtazama mama, akauliza, "Na mama mwenyewe anasemaje?"

Kaka yangu akasema, "Mama hasikii, bwana. Na akisikia haelewi. Hapa unaweza kusema lolote."

Mikono ya mama ilisimama.

Nimemtazama mama akisuka maisha yangu yote. Ile mikono haikusimama watoto walipokuwa wanakosea, haikusimama siku helikopta ya kwanza ilipopita juu ya minazi. Leo ilisimama na ukili ukamteleza magotini. Nilidhani atasema. Nilikuwa nasubiri aseme, nimebana sinia kifuani, nasema moyoni mwambie, mama, mwambie huyu. Nilitaka kuona uso wa Saidi unavyobadilika. Ndiyo, nilitaka. Nilikuwa nimeshaanza kufurahia.

Mama akaokota ukili. Akamtazama Saidi, muda mrefu, akamuuliza, "Saidi, umekula?"

Saidi akapiga tumbo kwa kiganja mara mbili, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, kama tunavyowafanyia viziwi na watoto wadogo. Halafu akamgeukia mgeni wakaendelea.

Momade aliondoka akisema kwamba hata hivyo kesho mwenye nyumba lazima asimame mwenyewe, hayo ndiyo maagizo. Saidi akasema atasimama naye, atamshika mkono. Wakaaga. Mama akawaitikia wote wawili vizuri.

Walipofika barabarani nilimwendea mama. Nikamwambia naenda kwake sasa hivi, kijiji kizima kitajua leo huyu ni mtu gani. Akanishika nguo. Akasema, "Hutakwenda. Nimemzaa mimi." Akapeleka mkono ndani ya ushungi, akakitoa kile kifaa, akakifuta kwa pindo la capulana, akakiweka ndani ya kikopo chake cha msiro, ule wa kupaka usoni.

"Leo nimesikia vya kutosha," akasema.

Tangu hapo hajakivaa. Jua limeshashuka nyuma ya minazi, yuko ndani, amelala au anajifanya amelala. Na mimi niko hapa na simu, najaribu kukubali jambo moja nisilolipenda. Namchukia Saidi, hilo ni jepesi, nimeshaliandika. Lakini chini ya hilo kuna jingine. Nina uchungu na mama pia. Siku alipoogopa kuliko siku zote za maisha yake, siri yake alimpa yeye. Mimi niliye mwanamke mwenzake, mwalimu mwenzake, mimi ndiye ambaye Saidi aliapishwa asimwambie. Angenipa mimi siri ile ningeivunja jioni yake, na leo angekuwa na watoto ishirini kibarazani na kumbukumbu zake zote. Alimpa Saidi kwa sababu alijua Saidi ataitunza.

Akaitunza kweli. Aliitunza mpaka ilipomfaa.

Na daktari alisema kifaa kikae sikioni kutwa, kila siku, kwamba kikikaa kwenye kopo hakimsaidii mtu. Nitamwambiaje mama avae kitu ambacho jambo kubwa la kwanza kililomsikizisha ni mwanawe akimfuta? Nimekaa nafikiria hilo kuliko nyumba. Nyumba ni kesho. Sikio ni kila siku iliyobaki.

Nilikuwa nimeshafika hapo, nataka kufunga simu kwa sababu chaji inaisha, mama akatoka. Alikuwa na kile kikopo mkononi. Akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akatazama upande ule ule ambao mimi sitaki kuutazama.

Akasema, "Zaina, mimi siku hizi nasahau. Najua nasahau."

Nikashika mkono wake.

"Asubuhi univalishe hiki kabla hatujatoka. Nataka niwasikie wote." Akageuza kikopo kiganjani. "Na nikiamka nimesahau, la nyumba nikumbushe. La Saidi usinikumbushe."

Nimefikiria nitafanyaje. Ni maneno yale yale, yalitoka katika kinywa kimoja, kwa pumzi moja. Nitalitoaje la nyumba nikaliacha la mtoto? Na mimi je, ambaye masikio yangu ni mazima na sisahau kitu, nani atanifanyia hisani hiyo?

Nikainamisha macho nikamjibu, "Sawa, mama."

Hakusikia. Nilikuwa nimemjibu kwa adabu, kama alivyonifundisha.

Basi nikamgeuza uso unitazame, nikafungua mdomo wote, nikasema tena kwa sauti yangu yote. "Sawa, mama." Jirani akatoka mlangoni mwake na mwiko mkononi, kuangalia ni nani huyo anayempigia kelele Bibi Mwalimu.